Mtego, Chambo na Hukumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tumeletewa suala na baadhi ya vijana wa Kisauni wanaohudhuria darasa letu, nasi tumeona jawabu yake iandikwe hapa ili ndugu zetu wa Likoni, Changamwe na kwengineko wafaidike nayo, maana jambo lenyewe si la mtaa mmoja. Suala ni hili:

"Masheikh wetu, assalamu alaikum. Wako watu wazima wanaowaandama watoto katika simu, wakiwaandikia maneno machafu, wakiwataka picha zao na wakiwaita mahali pa faragha. Twataka mmoja wetu ajidai katika simu kuwa ni msichana wa miaka 13, na yule atakayekuja kumkuta tumshike. Je, yajuzu? Na tumesikia kuwa watu walioshikwa kwa mtego namna hii wakishahukumiwa hukata rufaa, wakasema walitegwa. Je, kumsaidia mtu kama huyu katika rufaa yake si kusaidiana katika dhambi?"

Wa alaikumus salam wa rahmatullah. Suala hili lina vifundo viwili. Cha kwanza ni hukumu ya mtego wenyewe, na cha pili ni haki ya aliyetegwa baada ya kuhukumiwa. Tutavifungua kimoja baada ya kimoja, kwa msaada wa Mwenyezi Mungu.

UZITO WA JAMBO

Mtu asisome maneno yetu yanayokuja akadhani kuwa twawaonea huruma wanaowaharibu watoto. Mtoto ni amana, na mwenye kuivunja amana hii huvunja mwili, akili na imani ya mtu ambaye hata hajajua kujitetea. Na pwani yetu ina jeraha la zamani. Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya walitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani, wakakadiria kuwa wasichana baina ya 10,000 na 15,000 wa sehemu hizo walikuwa wakiuza miili yao kwa nyakati mbalimbali. Wengi wetu tulipenda kusema kuwa wanunuzi ni wageni wa Ulaya tu. Uchunguzi ule ule ulionyesha kuwa Wakenya wenyewe walikuwa wengi miongoni mwa wanunuzi hao.

Siku zile mwindaji alilazimika kutoka kwake akaenda ufukoni au mlangoni mwa hoteli. Leo ameingia nyumbani mwetu ndani ya simu ambayo baba mwenyewe amemnunulia mwanawe, na mama yuko jikoni hana habari.

Dola nayo haikunyamaza. Tuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, ambayo kifungu chake cha 24 kinampa mwenye kushughulika na picha chafu za watoto kifungo kinachoweza kufika miaka 25, au faini inayoweza kufika shilingi milioni 20, au vyote viwili. Tuna Sheria ya Watoto ya 2022, iliyotaja waziwazi dhulma anayofanyiwa mtoto kwa njia ya mtandao. Na mwaka huo wa 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alifungua hapa kwetu Shanzu mahakama makhsusi ya kesi za dhulma za kijinsia, ya kwanza katika nchi nzima. Kwa hivyo asiseme mtu kuwa hana pa kwenda.

SITARA ISIYO SITARA

Yatupasa pia tuseme neno juu ya ndugu zetu wengine ambao hawategi mtego wowote, bali kazi yao ni kufunika. Mtu wao akishikwa na kosa hili, huitana barazani wakapatana kwa fedha, na mtoto akahamishiwa kwa shangazi yake wa mbali, na mkosa akabaki mtaani akisalimiwa. Huliita jambo hili sitara, na hutoa hoja ya Hadithi inayomsifu mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake.

Hadithi ni sahihi, lakini wao wameiweka pasipo pake. Imam an-Nawawi, katika kuisherehesha Sahih Muslim, ameeleza kuwa sitara inayopendekezwa ni ya mtu mwenye heshima yake aliyeteleza, asiyejulikana kwa maudhi wala ufisadi. Ama yule anayejulikana kwa ufisadi, inapendekezwa asisitiriwe, na khabari yake ipelekwe kwa wenye mamlaka, kwa kuwa kumfunika humtia nguvu ya kuendelea na humpa ujasiri mwengine mfano wake. Haya ni maneno ya imamu wa madhehebu yetu ya Shafi. Basi atakayemfunika mwenye kuharibu watoto kwa jina la dini, ajue kuwa dini haimjui.

KUPELELEZA NA KUSHAWISHI

Sasa turudi kwa vijana wetu. Asili ya jambo ni kuwa Qur'ani, katika Sura ya al-Hujurat aya ya 12, imekataza kuchunguzana aibu. Na Imam al-Ghazali ametaja katika Ihya kisa cha Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliyepanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi. Yule mtu akamkumbusha kuwa yeye amemuasi Mungu kwa jambo moja, ama Umar ameasi kwa matatu: amepeleleza, ameingia nyumba pasipo mlango wake, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar, pamoja na ukali wake wote, alimwacha mtu yule baada ya kuahidi kutubia. Sheria yetu haikuwapa hata makhalifa ruhusa ya kupanda kuta za watu kwa kutafuta dhambi.

Lakini wanavyuoni hawakuishia hapo. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya, ametoa jambo moja katika katazo hili. Amesema kuwa mtu mwaminifu akileta khabari kwamba fulani amejitenga na mtu ili amuue, au amejitenga na mwanamke ili azini naye, hapo yajuzu kuchunguza na kuingilia, kwa khofu ya kupitwa na dhara lisiloweza kurudishwa. Na ameongeza kuwa hata watu wanaojitolea, wasiowekwa na dola, wakilijua jambo kama hilo wanaweza kuliingilia. Basi tazama masharti yake. Pawepo khabari yenye kutegemewa juu ya jambo makhsusi, na liwe ni jambo ambalo likipita halina dawa. Uharibifu wa mtoto ni katika mambo hayo bila shaka yoyote.

Hata hivyo, ruhusa ya kuchunguza si ruhusa ya kushawishi. Mvuvi wa Likoni hutia dema lake penye mwamba, na samaki akaingia kwa njaa yake mwenyewe. Mvuvi hakumfunza samaki kula. Ama mtu akimwendea mwenzake aliyetulia, akamshika sikio, akamrejea leo na kesho na mtondo, akamsifia uovu mpaka akaukubali, kisha akamrukia kwa pingu, huyu hakukamata uovu bali ameuzaa. Na mwenye kazi hii tumeshaelezwa ni nani. Sura ya al-Hashr aya ya 16 imempigia mfano Shetani anayemwamrisha mwanadamu akufuru, na akishakufuru humwambia kuwa yeye yuko mbali naye. Hapana uungwana katika kumuiga Iblis kwa nia ya kumtumikia Mungu.

Ajabu ni kuwa mahakimu wa nchi mbalimbali, wengi wao wasioijua al-Ahkam as-Sultaniyya, wamefika karibu na mpaka huu huu. Marekani palikuwa na mkulima mmoja wa Nebraska ambaye mwaka 1984 aliagiza majarida mawili yenye picha za watoto wa kiume walio uchi, wakati ambapo sheria ilikuwa haijayakataza. Baada ya kukatazwa, watumishi wa serikali walimwandikia kwa muda wa zaidi ya miaka miwili kwa majina ya jumuiya zisizokuwepo na ya rafiki wa kalamu asiyekuwepo, mpaka mwaka 1987 akaagiza kitu kilichokatazwa, akashikwa na kuhukumiwa. Rufaa yake ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1992 majaji watano kwa wanne waliifuta hukumu. Walisema kuwa serikali haikuthibitisha kwamba mtu huyu alikuwa tayari kuvunja sheria kabla ya wao kumwandama. Uingereza nayo, mwaka 2001, Baraza la Malord katika kesi ya Looseley liliweka kipimo kama hicho: dola ikimpa mtu fursa ya kawaida tu, ambayo angaliipata kwa mtu mwengine yeyote, hapana ubaya, lakini ikimvuta katika kosa, mahakama haitakubali kutumiwa. Na Kenya, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Nairobi katika kesi ya mtego wa rushwa ilikataa mtu kushitakiwa kwa kosa ambalo dola yenyewe ndiyo iliyomshawishi kulitenda.

Lakini asidhani mkosa yeyote kuwa neno "nilitegwa" ni ufunguo wa kila gereza. Kanada, polisi wa York waliweka matangazo katika mtandao baina ya 2014 na 2017, na katika mazungumzo yule aliyejidai kuwa ni msichana akiwaambia wanunuzi kuwa hajatimiza miaka 18. Waliokuja hata baada ya kuambiwa hivyo walikamatwa, idadi yao 104. Baadhi yao walikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2022 rufaa zao zikatupwa, kwa kuwa polisi walikuwa na shaka yenye msingi juu ya mahali makhsusi palipojulikana kwa uovu huo, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma asirudi. Hapa dema lilikuwa penye mwamba.

Na wapo wanaosema, "Hapakuwa na mtoto, basi pana kosa gani?" Hoja hii ni dhaifu mbele ya Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaja Waislamu wawili wanaokutana kwa panga, alisema kuwa aliyeua na aliyeuawa wote ni wa Motoni, na alipoulizwa juu ya aliyeuawa, akaeleza kuwa naye alikuwa na pupa ya kumuua mwenzake. Aliyenuia, akavaa, akapanda matatu mpaka mahali pa miadi kumkuta mtoto wa miaka 13, hakuokolewa na uchamungu wake. Ameokolewa mtoto kwa kuwa hakuwepo. Lakini hakimu wa duniani huhukumu kwa yaliyothibiti, si kwa yaliyo moyoni, na ndiyo sababu mtego usio safi humharibia hakimu kazi yake.

KWA NINI RUFAA

Tufike sasa kwenye kifundo cha pili. Wengi wetu tukisikia kuwa mtu wa kosa kama hili amekata rufaa, huona kuwa ni ujanja wa mawakili. Twasema: isomeni tena Sura ya Yusuf. Hapo yuko mtu aliyesingiziwa jambo hili hili la aibu. Ushahidi ulitazamwa, nao ulikuwa upande wake, kwani kanzu ilichanwa nyuma. Pamoja na hayo aliingizwa gerezani, akakaa humo miaka. Na mfalme alipomwita atoke, katika aya ya 50, Nabii Yusuf hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe akataka kwanza khabari ya wale wanawake iulizwe upya. Alitaka kesi itazamwe tena kabla ya kutoka. Ikiwa Nabii wa Mungu aliona haja ya jambo hili, sisi ni nani tuliite ujanja?

Na katika Sura ya al-Anbiya, aya ya 78 na 79, Nabii Daud alihukumu katika kesi ya mbuzi na kondoo walioharibu shamba usiku, na mwanawe Suleiman akafahamishwa hukumu iliyo bora kuliko ile, na Mungu akawasifu wote wawili. Daud hakuona kuwa heshima yake imeanguka. Na katika barua mashuhuri inayotajwa kuwa ya Sayyidna Umar kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi ameagizwa asizuiwe na hukumu aliyoitoa jana kuirudia haki akiiona leo.

Hii ndiyo maana ya rufaa katika nchi yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, imempa kila aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa au kutaka hukumu itazamwe upya. Aliyehukumiwa na hakimu wa Shanzu ana siku 14 za kupeleka rufaa yake Mahakama Kuu ya Mombasa, na tangu kesi ya Okeno ya 1972 imekubaliwa kuwa mahakama ya rufaa ya kwanza lazima iupime ushahidi wote upya. Humo huulizwa mambo makubwa. Je, umri umethibitishwa? Je, maandishi ya simu yaliletwa pamoja na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, au ni picha za kioo cha simu zilizopitishwa mikono kumi? Je, nani alianza maneno machafu, mtuhumiwa au mwenye kutega? Na Katiba hiyo hiyo imesema kuwa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utatolewa nje iwapo kuukubali kutaidhulumu kesi. Haya yote si huruma kwa mkosa. Ni kinga ya mtu asiye na kosa, na asiye na kosa huyo huenda kesho akawa mwanao, ambaye jirani mwenye chuki naye ametumia simu yake kuandika asiyoyaandika.

Hatusemi kuwa kila rufaa huishia penye haki. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachia mtu aliyehukumiwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13, kwa sababu jaji aliona kuwa msichana mwenyewe alijipeleka kama mtu mzima. Hukumu ile ilipingwa na wengi, na sisi twaona walipinga kwa haki. Sheria ya 2006 inamsikiliza aliyedanganywa juu ya umri, akaamini kwa sababu za maana. Lakini kudanganywa juu ya umri ni jambo moja, na mtoto kujipeleka ni jambo jengine. Na kwetu Waislamu jambo ni wazi zaidi, kwa kuwa ridhaa haihalalishi zina hata kwa aliyebaleghe, seuze kwa mtoto. Kisha mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kuwa adhabu za chini zilizowekwa na sheria hii zibaki kama zilivyo. Basi rufaa ni mizani, na mizani huweza kushikwa na mkono unaotetemeka. Dawa yake ni kuurekebisha mkono, wala haiwi kuitupa mizani baharini.

Na hapa pana neno tunalotaka lishikwe na kila msomaji. Mtu muovu akiachiwa na majaji kwa sababu ya mtego mchafu, aliyemwachia si jaji. Amemwachia yule aliyetega vibaya, kwa kumpa hoja ambayo hakuwa nayo. Na mtoto ambaye haki yake imepotea namna hii amedhulumiwa mara mbili, mara ya kwanza na adui yake, na mara ya pili na rafiki yake.

JAWABU

Kwa muhtasari twasema hivi.

Kwanza, mtego wa kubahatisha, wa kumvuta yeyote apitaye, haujuzu, kwani ni kupeleleza pasipo khabari, na huenda ukawa ni kuzaa dhambi. Penye khabari ya kutegemewa juu ya mtu makhsusi, yajuzu kumchunguza kwa mipaka tuliyoieleza, na kazi hiyo ni ya polisi wenye ujuzi nayo. Scotland wako raia waliojitolea kutega watu hivi, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukubali ushahidi wao dhidi ya mtu aliyemwandikia aliyejidai kuwa ni mvulana wa miaka 13. Lakini hata hao, ushahidi wao waliukabidhi kwa polisi.

Pili, haijuzu kabisa kwa vijana kumpiga wanayemshika, wala kumpiga picha na kuieneza, wala kumtaka fedha ili anyamaziwe. Al-Mawardi huyo huyo aliyemruhusu mwenye kujitolea kuingilia, amemnyima haki ya kuadhibu. Mwenye kupokea fedha naye ameshakuwa mshirika wa yule mwovu, kwani amemuuzia mtoto mwengine. Na ikiwa aliyepigwa hana kosa, basi soma Sura ya an-Nisa, kuanzia aya ya 105 mpaka 112. Wafasiri wameeleza kuwa ziliteremka kumtakasa Myahudi aliyesingiziwa wizi na ukoo wa watu waliojiita Waislamu. Mungu hakutazama dini ya aliyesingiziwa. Alitazama dhulma.

Tatu, kumsaidia aliyehukumiwa akate rufaa kwa haki, kwa kusema kweli na kuonyesha kasoro iliyopo, si kusaidiana katika dhambi. Kusaidiana katika dhambi ni kumnunua shahidi, kumtisha mtoto abadili maneno yake, au kuishauri familia imfiche asifike mahakamani. Sura ya al-Maida aya ya 8 imetuamuru chuki yetu juu ya watu isitufanye tuache uadilifu, na hapana mtu tunayemchukia kuliko huyu. Basi hapa ndipo aya ile inapotujaribu.

Nne, mzazi akiona maneno machafu katika simu ya mwanawe asiyafute kwa hasira wala kwa haya, wala asimjibu yule mtu kwa matusi. Ayahifadhi kama yalivyo, asiyasambaze, ampeleke mwanawe pamoja na simu polisi, au apige 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Na asimpige mtoto, kwa sababu mtoto anayepigwa kwa kusema hatasema tena.

Tano, nasi waalimu wa madrasa tuanze na nafsi zetu. Asikae mwalimu peke yake na mtoto mlango ukiwa umefungwa, wala asimwandikie mtoto katika simu ila kwa kupitia kwa mzazi wake. Aliye safi hatapungukiwa na kitu kwa masharti haya.

Vijana wetu wameuliza kwa ghera, nasi twawaombea Mungu aihifadhi ghera yao na aipe elimu ya kuiongoza. Ee Mola, walinde watoto wetu, wafichue wanaowawinda, na usitujaalie kumdhulumu mtu yeyote hata katika kuutetea utukufu wa dini yako. Amin.

Wallahu a'lam.